Salama, Ila

Somoe mwanangu,

Kesho ukipanda basi pale stendi usiinamishe kichwa kama mtoto wa mtu wa kawaida. Wewe ni binti wa mwanaume pekee katika mkoa huu wa Lindi aliyepambana na nchi nzima, nchi yenye manowari na helikopta na majaji wa majoho, akaishinda akiwa na mwiko mkononi. Wenzako baba zao wamewahi kuwa madiwani. Mimi diwani akinisalimia naitikia vizuri tu, lakini moyoni najua nani kampita nani.

Cheka, najua unacheka. Mama yako yuko chumba cha pili anakufungia ming'oko mfuko wa tatu sasa. Nimemwambia watu wa uwanja wa ndege wakiiona ile mizizi watakuita mganga wa kienyeji, kanijibu, "Baba Somoe, kalale." Habari za sweta, dawa, na kutomfungulia mlango usiyemjua keshazimaliza yeye. Mimi nimebaki na yale yasiyoingia kwenye begi.

Nianze na elimu yangu, maana wewe sasa una digrii ya sheria na unaweza kunidharau. Niliishia kidato cha pili, tena siyo kwa ujinga. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa akisema, "Hemedi, wewe unajibu kabla swali halijafika." Darasa zima linacheka, mimi nasimama kupokea sifa. Nilidhani ni sifa. Nilikuwa na Kiingereza cha kasi, bwana. Makosa yalikuwemo, sikatai, lakini yalipita upesi kiasi kwamba mwalimu mwenyewe hakuwahi kuyakamata yote. Kwa Kiingereza hicho hicho nikapata kazi ya jikoni kwenye meli ya mizigo, na nyumba hii ya Mitwero unayoiaga kesho imejengwa kwa wali niliowapikia watu wa kila rangi.

Hiyo safari yenyewe unaijua. Nimeisimulia hapa barazani mpaka mama yako anaweza kuisimulia akiwa usingizini. Lakini leo nataka uisome ikiwa imeandikwa, kwa sababu unakwenda kufanya kazi kule kule ilikotokea.

Tulikuwa tumebeba saruji. Bahari ya huko kaskazini ina rangi ya bati, na kwenye bati lile tukaiona boti ya mpira imejaa watu, imeshaanza kulegea upande mmoja. Kapteni wetu alikuwa mzee wa Kifilipino, mpole, anayependa supu ya kichwa cha samaki. Hakuitisha kikao. Alisema teremsheni ngazi, tukateremsha. Wakapanda wanaume, wanawake, na watoto ambao hawakulia hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Mtoto asiyelia kashaona kwamba kulia hakusaidii.

Kapteni akaita kwenye redio. Nchi tajiri ilikuwa karibu, usiku tuliziona taa zake. Redio ikajibu, "Warudisheni mlikowatoa." Kapteni akasema, kwa upole ule ule, "Sawa. Naomba amri hiyo kwa maandishi, na jina la anayeitoa." Tukaingojea amri hiyo mpaka supu ikapoa.

Sasa wewe umeusoma ule mkataba wa wakimbizi chuoni, unajua mpaka namba za vifungu. Mimi nilijifunzia juu ya deki, kwa hiyo nakuuliza kama mwanafunzi mwenzako: umewahi kuona ujanja kama ule? Mkataba wenyewe waliuandika wakubwa hao hao, baada ya vita vyao, walipokuwa wao ndio wanaokimbia na mabegi kichwani. Unasema mtu akija kwako anakimbia kuuawa, akaomba hifadhi, humrudishi kule kwenye kifo kabla hujamsikiliza. Maneno mazuri. Na hawajauchana, usiwasingizie. Wameuweka kwenye kioo, wanaufuta vumbi kila mwaka.

Wanachofanya ni kuusogeza mlango. Mkataba unasema mtu akipiga hodi asikilizwe, basi wao wanahakikisha hafiki pa kupigia hodi. Shirika la ndege likimpakia asiye na visa linatozwa faini, kwa hiyo yule binti wa kaunta, mwenye lipstiki na haraka zake, ndiye anageuka kuwa jaji. Na visa ya kukimbia risasi haitolewi na ubalozi wowote. Ukikata tamaa ya ndege ukaenda baharini, wamemlipa jirani yao maskini akukamate kabla hujaondoka. Ukimponyoka jirani, manowari inakungoja nje, ili unyayo wako usiguse mchanga wao. Halafu wanasimama mbele ya kamera wanasema, sisi hatujamrudisha mkimbizi hata mmoja. Kweli kabisa. Hakuna aliyefika.

Wewe mwenyewe umeionja visa. Umepeleka alama za vidole, karatasi za benki, barua ya mwajiri, na bado yule kijana wa dirishani akakuuliza utarudi lini kabla hujaondoka. Na wewe ndiye wamekuita wao. Fikiria aliyetoka nyumbani kwake kwa kupitia dirishani.

Basi tukasimamishwa. Manowari ikaja ikakaa ubavuni kwetu. Hatuendi mbele, haturudi nyuma, na mimi nalisha watu kwa mchele uliopangiwa mabaharia wachache. Nilipika wali wa nazi usio na nazi, wakaula wakanisifu, na mimi sifa sizikatai. Jikoni nilikuwa na msaidizi, mmoja wa wale tuliowaokoa. Anaitwa Lali, Mbajuni kutoka visiwa vya kusini mwa Somalia, fundi wa vitanda. Kiswahili chake cha kuimbaimba, changu cha Kimwera kidogo, tukawa tunachekana. "Nyie Lindi mnaongea kama mmebeba mzigo," ananiambia. Mimi namwambia, "Nyie mnaongea kama mmeutua." Alimenya viazi vizuri kuliko mimi. Jambo moja tu: hakukaa hata mara moja ameupa mlango mgongo. Nikimpa kiti, anakigeuza.

Siku askari wa manowari walipopanda kwetu, mmoja alitaka kuingia jikoni kuwatoa watu. Nikasimama mlangoni na mwiko. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kasi kwamba hapa haingii mtu bila kunawa mikono na kuvaa kofia, ni sheria ya meli. Alikuwa na bunduki, mwanangu. Akatafuta sabuni. Nchi ile inaheshimu sana sheria ndogo ndogo, hilo ukalijue mapema, litakusaidia.

Kisha wakatandaza meza ya kukunja juani na afisa akakaa. Kwa nini hapo? Kwa sababu wakiwahoji nchi kavu, kuna wakili, kuna rufaa, kuna siku nyingi. Juu ya deki kuna jua tu. Maswali mafupi, mtu mmoja baada ya mwingine. Aliyejibu kwamba anaogopa kurudi alibaki. Aliyeonekana hana la kuogopa alishushwa kwenye boti ya manowari.

Na hapa ndipo anapoingia mtu wenu mnayempenda, yule mkalimani. Kijana wa miwani, suruali imepanda juu ya vifundo, Kiingereza mbio. Ikafika zamu ya Lali. Afisa akamwambia mkalimani, muulize hali ikoje huko kwao alikotoka. Mkalimani akamgeukia Lali:

"Anauliza habari za kwenu."

Na Lali, mtoto aliyelelewa, akajibu kama mimi na wewe tungejibu hata nyumba ikiwa inawaka nyuma yetu:

"Salama."

"Sefu," mkalimani akadakia.

Afisa akaandika. Sefu kwa lugha yao maana yake hakuna hatari. Akauliza, sasa amekuja kufanya nini?

"Kutafuta maisha," akasema Lali. Kama tunavyosema sote. Anayekwenda Dar kuuza maji anatafuta maisha, aliyenusurika kuchinjwa naye anatafuta maisha, hatutaki kumchosha mtu kwa mambo yetu.

Mkalimani akasema anatafuta maisha mazuri. Hilo neno mazuri alilitia yeye, kwa kunogesha. Afisa akafunga kalamu.

Mlimwita Bwana Sefu. Ulikuwa darasa la tatu wakati ule, nimerudi na hadithi na ndevu. Ukipita hapa nje, mama yako akikuuliza "Habari za shule?" unajibu "Nzuri," na mimi nyuma ya pazia nasema "Sefu." Unaanguka chini kwa kicheko. Siku ulipofeli hesabu ukaja kimya, nikakuuliza habari za mtihani, ukasema mwenyewe, "Sefu, baba." Hata chuoni, siku ulipotetea utafiti wako, ulinitumia ujumbe wa neno hilo moja, nikajua umeshinda.

Na kushinda ndiyo stahili ya nyumba hii, ndiyo maana naendelea. Kabla hawajamaliza ile foleni juani, wakili mmoja wa kike huko nchi kavu alipata habari, akakimbilia mahakamani, na mahakama ikasema wale waliobaki melini wasiguswe. Kesi ikachukua miaka. Nikaitwa kuwa shahidi. Nililetewa jaketi ya kuazima, nikakaa mbele ya skrini kubwa Dar, na kule ng'ambo majaji wananitazama. Nilikaa mguu juu ya mguu.

Wanasheria wa serikali wakasema, hawa watu hawakuwahi kuingia nchini kwetu, kwa hiyo mkataba haukuwahusu. Wakili wetu akauliza swali moja tu: nani aliizuia ile meli isiende? Majaji wakasema, kama mmeizuia nyinyi, na askari wenu ndio waliokuwa juu ya deki, na boti yenu ndiyo iliyowashusha watu, basi watu wale walikuwa mikononi mwenu, wamegusa mchanga hawajagusa. Na aliye mikononi mwenu hamumrudishi bila kumsikiliza yeye mwenyewe, mmoja mmoja, mahali pa kusikilizana, na mtu anayeijua lugha yake. Yaani sheria ilipanda ngazi ya kamba pamoja na wale askari, wao hawakuiona tu.

Tulishinda, Somoe. Waliobaki melini walisikilizwa, na wengi wakapewa hifadhi. Bi Rukia, yule mama wa watoto wasiolia, siku hizi anauza bajia kwenye mji wenye barafu, na kila Idi ananitumia sauti za wanawe wakigombana. Wanapiga makelele hao, mpaka raha. Meza ya kukunja imepigwa marufuku. Na kwa sababu ya hukumu ile, nchi ile sasa inalazimika kuwa na wakalimani wa Kiswahili waliosoma, wanaolipwa, wanaokaa ofisini. Kwa kifupi, kazi unayoiendea nimekutengenezea mimi. Waliizuia meli yangu isiguse gati lao, leo wanamlipia tiketi binti yangu. Kama huo si ushindi, niambie ushindi unafananaje.

Sasa nikukumbushe jambo la bibi yako wa Mtama, halafu nimalize.

Siku babu alipofariki, wewe mdogo, tulikwenda. Watu wanaingia uani wanamsalimia bibi, "Shikamoo, mama, habari za hapa?" Na yeye, kanga imefungwa kiunoni, macho mekundu, anajibu, "Marahaba. Nzuri, ila mzee hatunaye." Kila anayeingia, hivyo hivyo. Nzuri, ila mzee hatunaye. Ukanivuta kanzu ukaniuliza, "Baba, hiyo nzuri iko wapi?" Nikakwambia unyamaze. Nilipaswa kukujibu. Ile nzuri ni ya mgeni, ili asianguke mlangoni. Habari yenyewe inakaa nyuma ya ila.

Huko utakaa kati ya watu wawili. Mmoja ana karatasi na saa. Mwingine ana adabu, na adabu yake ndiyo itakayommaliza, maana atajibu vizuri kwanza, kama alivyofundishwa na mama yake. Ukisikia salama, nyamaza. Afisa atakutazama, saa itakwenda, utaona aibu ya mtu asiyejua kazi. Vumilia aibu hiyo. Ngoja ila ije. Na kama wewe ndiye unayeligeuza swali kuwa Kiswahili, usilifanye salamu. Muulize kilichompata. Sisi tukiulizwa habari tunajibu nzuri, hata tukiwa tumelala msibani.

Unajiuliza baba yangu, mpishi, haya ya saa na ya aibu kayajulia wapi.

Lali hakusema salama peke yake. Nimekusimulia miaka yote hii nikiwa nimeikata. Alisema, "Salama, ila," akavuta pumzi, na mkalimani akadakia. Alidakia kwa sababu afisa alikuwa anamtazama yeye, kwa sababu kapteni alikuwa amesimama pale, na kwa sababu alitaka waone alivyo mwepesi. Lali akafunga mdomo. Mtu wa pwani hamkatizi mwenzake anayesema kwa niaba yake.

Kijana wa miwani hakuwepo. Miwani niliitunga hapa hapa barazani, uliponiuliza, "Alikuwaje, baba?" Suruali niliiongeza siku nyingine ulipocheka. Wale askari walikuja na meza, kalamu na maji ya kunywa, hawakuja na mkalimani. Afisa aliuliza tu, nani hapa anajua Kiswahili na Kiingereza, na mimi nikanyoosha mwiko juu kabla hajamaliza kuuliza.

Bwana Sefu ni mimi, Somoe.

Na pale mbele ya skrini, ulipodhani nilikaa kueleza niliyoyaona, nilikaa kuonyeshwa. Wakili aliniomba nitafsiri maneno machache mbele ya majaji, nikayatafsiri kwa kasi yangu ile ile, na majaji wakatazamana. Mimi ndiye nilikuwa kielelezo. Kadiri nilivyokosea ndivyo tulivyozidi kushinda. Baadaye wakili aliniambia kosa si langu, kumpa mpishi roho za watu aamue ni kosa la aliyempa, na hukumu imeandikwa hivyo. Nakubaliana na hukumu. Ni hukumu nzuri, nimeishangilia na nitaishangilia tena kesho stendi.

Lakini jina la Lali lilisomwa mahakamani kati ya waliotakiwa kurudishwa wasikilizwe upya, na hakupatikana. Wale walioshushwa walikabidhiwa kwa askari wa nchi waliyoondokea, wakafungwa, wakatawanyishwa. Wakili alimtafuta, Bi Rukia akawauliza watu wa visiwani kwao, mimi nimeuliza kila bandari niliyofika. Mpaka leo sijui kilichokuwa nyuma ya ile ila yake.

Alipokuwa anashuka ngazi kwenda kwenye boti yao, hajui anakopelekwa, alinyanyua uso akanitafuta kwenye ukingo wa meli mpaka akaniona. Akaniambia, "Ahsante, ndugu yangu. Umenisemea vizuri."

Baba yako,
Hemedi